Kabla Hujafuta Windows

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, swali moja limekuwa likiletwa kaunta kwangu na watu wa kila aina: mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo, mama mwenye duka la dawa. Anaweka kompyuta mpakato mbele yangu, anaifungua, ananionyesha ujumbe unaosema mashine hii haikidhi vigezo vya Windows 11, kisha anauliza, "Sasa ndiyo imekufa?"

Haijafa. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku kwetu ni za mtumba. Zimetumika miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, ndipo zikashuka Kariakoo na kusambaa mikoani. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470: zote hizi zina prosesa za Intel za kizazi cha 6, ilhali Windows 11 kwa upande wa Intel inadai kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo EliteBook ya G3 na ya G4 zimeachwa nje, ya G5 imeingia. Ukizipanga mezani zinafanana kama ndugu. Iwekee G3 SSD na RAM ya gigabaiti 8, itafanya kazi za ofisi asubuhi hadi jioni bila kulalamika. Kumwambia mwalimu aliyeinunua kwa kujinyima kwamba sasa atafute nyingine ni kumtwisha hasara isiyo ya lazima.

Mimi nina steshenari mjini Morogoro. Kazi ni zilezile za steshenari yoyote: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujaza fomu za mkopo za HESLB, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, na kuwawekea watu programu kwenye mashine zao. Linux niliijua kwa sababu ya flashi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa nadra flashi kupita dukani kwangu bila virusi vya shotikati. Mwanafunzi anakuja na utafiti wake wote, anachomeka, na folda zake zimegeuka vialama vya njia ya mkato vyenye kilobaiti moja au mbili. Anabonyeza, hakifunguki kitu. Nimeona watu wazima wakitokwa machozi mbele ya skrini ile.

Kijana mmoja aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) alikuwa na CD ya Ubuntu, zile zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta duniani kote hadi mwaka 2011. Aliiwasha kompyuta yangu kwa CD ile bila kugusa diski ya ndani, akachomeka flashi yenye virusi, na faili zote zikawa pale. Hakuna kilichokuwa kimefutwa. Virusi vilikuwa vimezisogeza folda zote ndani ya folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, kisha vikaipa sifa ya kufichwa ambayo Windows huiheshimu. Linux haikuijali sifa hiyo. Ilituonyesha folda isiyo na jina, na pembeni yake faili dogo la .vbs ambalo ndilo lililokuwa likijinakili kutoka mashine moja hadi nyingine. Faili hilo limeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo pale lilikaa tu kama maandishi. Tulilifuta, tukarudisha folda mahali pake, na mwenye utafiti akaondoka na kazi yake nzima. Mashine ya mapokezi, ile inayochomekwa flashi za wateja, nikaiwekea Linux, na iko hivyo hadi leo.

Nasimulia hili kwa sababu ndivyo mfumo unavyoingia kwenye maisha ya mtu. Kwangu uliingia kupitia kazi moja ndogo uliyoiweza vizuri. Katika watu niliowawekea Linux, waliodumu nayo ni wale ambao iliwatatulia jambo walilokuwa nalo siku hiyo. Waliokuja kwa sifa walizozisikia kwa wenzao walirudi baada ya muda kuomba wapigiwe tena Windows, nami niliwapigia. Anayeuliza "Linux ipi ni bora?" namrudishia maswali yangu: una mashine gani, unafanyia nini, unacheza gemu zipi, intaneti unaipata kwa njia gani, na ukikwama saa mbili usiku utamwuliza nani? Majibu yake ndiyo yanayochagua.

Kinachowatisha wengi mwanzoni ni utitiri wa majina. Linux yenyewe ni kerneli, ile sehemu inayozungumza na vifaa vya mashine, na aliyeianzisha ni Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Msimbo wake uko wazi. Yeyote ana haki ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Watu wakauchukua, wakauongezea zana za mradi wa GNU, madirisha na programu, wakatoa mifumo kamili yenye majina yao. Debian ilianza 1993. Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Linux Mint ya Clement Lefebvre ilitoka 2006, na toleo lake kuu limejengwa juu ya Ubuntu. Anayeanza akiujua ukoo huu mmoja inamtosha, kwa sababu maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yanafanya kazi kwenye Mint vilevile, na maelekezo ya Ubuntu ndiyo yaliyojaa kila mahali.

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nakumbuka furaha niliyoipata nilipoiona. Watu wetu walikaa wakakubaliana amri hii iitwe nini na ile iitwe nini, wakaziandika ndani ya programu, na hawakuhitaji kupiga magoti kwa kampuni yoyote ng'ambo ili waruhusiwe. Uhuru unaozungumzwa katika programu huria niliuelewa pale, na hadi leo naona ni aibu kwamba mashine nyingi katika shule zetu zinafunguka kwa Kiingereza wakati njia ilishafunguliwa.

Sasa niseme jambo la Kali. Vijana wengi wanaokuja kutaka Linux wanaitaja Kali, kwa sababu wameona video za watu wenye kofia wakichapa maandishi ya kijani. Kali Linux ni mfumo wa kazi maalumu: umetengenezwa kwa ajili ya wataalamu wanaojaribu usalama wa mitandao, umejengwa juu ya tawi la majaribio la Debian, na waundaji wake wenyewe wameandika katika maelezo yao kwamba hawaupendekezi kwa mtu asiyeijua Linux. Kijana anayetaka kuangalia filamu, kuandika kazi za chuo na kucheza GTA hana anachokifuata huko. Nimemwambia hivyo zaidi ya mmoja, kwa upole, kwa sababu najua kiu ya kujifunza iliyomo ndani ya ombi lile. Zana zote za Kali zinazomvutia anaweza kuziongeza kwenye mfumo wa kawaida siku atakapozihitaji, moja moja, akijua kila moja inafanya nini.

Kwa watu wengi wanaosimama mbele ya kaunta yangu, jibu linaishia Linux Mint, na nitaeleza kwa nini. Aliyetoka Windows 7 au 10 anakuta menyu kushoto chini, saa kulia chini, folda zake mahali alipozizoea. Wenye RAM ya gigabaiti 8 nawapa Mint yenye mandhari ya Cinnamon, wenye 4 nawapa yenye Xfce ambayo ni nyepesi. Toleo la 22 lina uhakika wa masasisho hadi 2029. Ubuntu yenyewe ni nzuri pia, ila mpangilio wake wa skrini unadai kujifunza upya. Zorin OS, kazi ya ndugu wawili huko Dublin, ina sura inayovutia macho haraka kuliko Mint, na toleo lake la 18 lilitoka siku ileile Windows 10 ilipofikia kikomo. Simzuii anayeipenda. Ila Mint ndiyo ninayoijua mimi, ndiyo anayoijua fundi wa duka la tatu kutoka kwangu, na ndiyo iliyoko kwenye maabara ya shule anakofundisha mmoja wa wateja wangu. Kwa mtu anayeanza, hilo lina uzito kuliko uzuri wowote wa sura. Mfumo wenye watu wanaoujua mtaani kwako utakuvumilia kwenye wiki zile za kwanza ambazo kila kitu ni kigeni.

Kuna sababu nyingine ambayo sijaiona ikipewa nafasi inayostahili kwenye mijadala ya mifumo: bando. Wanaoandika kuhusu gemu kwenye Linux siku hizi wanaisifu Bazzite, na sifa hizo ni za haki. Imejengwa juu ya Fedora, inakuja na Steam na draiva tayari, na mfumo mzima unasasishwa kama kipande kimoja. Sasisho likiharibu kitu, unawasha mashine na kuchagua kipande cha jana. Mwenye waya wa faiba nyumbani ataifurahia. Lakini faili lake la kusakinisha ni zaidi ya mara mbili ya lile la Mint, ambalo ni karibu gigabaiti 3, na sasisho lake moja linaweza kufika gigabaiti kadhaa, likishuka lenyewe kimyakimya. Mtu anayerushia kompyuta intaneti kutoka kwenye simu atashangaa bando la wiki limekwenda wapi. Kwenye Mint, kidhibiti cha masasisho kinakuorodheshea kila kifurushi na ukubwa wake, nawe unatiki unachotaka. Masasisho ya usalama unayashusha leo, programu nzito unaziacha hadi utakapofika ofisini kwenye waifai. Nina wateja ambao huja na mashine zao dukani mara moja moja kwa kazi hiyo tu, wanakaa kwenye benchi, masasisho yanashuka, wanaondoka.

Hakuna anayetakiwa kufuta chochote kabla ya kuujaribu mfumo kwenye mashine yake mwenyewe. Mint, kama mifumo mingi ya ukoo wake, inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kwenye HP unabonyeza F9 wakati mashine inawaka, kwenye Dell na Lenovo ni F12, unachagua flashi, na baada ya muda mfupi uko ndani ya Mint huku Windows yako ikiwa imelala salama kwenye diski. Hapo kazi ni kukagua: waifai inashika? Sauti inatoka kwenye spika na kwenye hedifoni? Vitufe vya mwangaza vinafanya kazi? Ukifunika mashine ikalala, inaamka? Printa inaonekana?

Kipimo cha waifai nakitilia mkazo kwa sababu ya mashine moja aliyoniletea mwalimu. Ilikuwa ya bei nafuu, na kwenye Mint iliona mtandao pale tu ilipowekwa karibu kabisa na ruta. Ukirudi hatua tatu, mawimbi yanapotea. Ndani ya kadi ile kulikuwa na matundu mawili ya antena, na kiwanda kilikuwa kimeunganisha antena moja tu. Draiva ya Linux ilikuwa ikisikiliza tundu lisilo na kitu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maandishi unaoiambia draiva isikilize tundu la pili, kisha kuzima na kuwasha. Mwalimu aliyaona mawimbi yakipanda hadi juu, akauliza kama ni uchawi. Mimi nilichofikiria ni yule ambaye angesakinisha mfumo nyumbani kwake peke yake, akaamini Linux haina waifai, akaacha. Tatizo kama hilo ukilikuta ukiwa bado kwenye flashi, unalo tatizo dogo. Ukilikuta baada ya kufuta kila kitu, hata intaneti ya kutafutia dawa huna.

Kazi za kila siku nitazipitia kwa haraka kwa sababu nyingi zimeshahamia kwenye kivinjari. HESLB, RITA, TRA, maombi ya ajira serikalini, matokeo ya NECTA: Firefox inayafungua yote bila kujali mfumo ulio chini yake. Nyaraka za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010. Ugomvi mkubwa huko ni fonti. Utafiti ulioandikwa kwa Times New Roman au Calibri ukifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hizo unaweza kusogea, na jedwali la yaliyomo likataja ukurasa wa 43 wakati sura imeanza 44. Kwenye Mint unaweza kutumia Liberation Serif na Carlito, fonti zilizochongwa kwa vipimo vilevile vya upana ili maandishi yasisogee, na mara nyingi zinatosha. Bado naona ni busara kutuma PDF kwa msimamizi.

Kadi ni habari nyingine. Kadi za harusi na za michango ninazobuni kwa ajili ya wateja zinatokana na Photoshop na CorelDRAW, na wateja wanakuja na faili za Publisher walizopewa kwingine. Inkscape na GIMP ni zana nzuri, nazitumia, lakini faili la mtu mwingine lililojaa tabaka na fonti za mapambo huwa halifunguki jinsi lilivyokuwa. Kwa hiyo mashine ya kadi nimeiachia Windows. Sioni haya kulisema hili kwa mtu anayenisikiliza nikiisifu Linux, kwa sababu anayeishi kwa kubuni kadi anastahili kujua kabla hajahama.

Tufike kwenye gemu, maana ndipo swali linapokuwa gumu na ndipo mambo yalipobadilika zaidi. Mpwa wangu, aliyekuwa akijifunza kazi dukani kwangu, aliniuliza swali moja tu siku nilipomshauri aweke Mint: "Mjomba, na gemu zangu?" Huku Uluguruni mjomba hatakiwi kumjibu mpwa wake ovyo. Nilikaa naye tukaorodhesha anachocheza, moja baada ya nyingine.

Gemu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Tangu 1993 kuna mradi uitwao Wine unaoziwezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux kwa kutafsiri maombi yake. Agosti 2018, Valve, wenye duka la gemu la Steam, walitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nguvu kwa ajili ya gemu. Kiungo chake muhimu ni DXVK, kinachochukua amri za michoro za Direct3D na kuzigeuza kuwa za Vulkan ambazo draiva za Linux zinazielewa. Februari 2022 Valve wakatoa Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachoendeshwa na Linux, na kuanzia hapo watengenezaji wa gemu wakawa na sababu ya kibiashara ya kuhakikisha kazi zao zinakubali. Mtumiaji haoni lolote kati ya hayo. Anasakinisha Steam, anaingia kwenye mipangilio, anawasha matumizi ya Proton kwa gemu zote ikiwa bado haijawashwa, anabonyeza kucheza.

Kwa mashine za mtumba kuna mpaka wa kuangalia. Vulkan inahitaji kadi ya grafiki inayoiweza. Grafiki za Intel HD 520 zilizomo kwenye kizazi cha 6 zinaiweza; zile za kizazi cha 4 kurudi nyuma hazijakamilika, na gemu nyingi za Proton zitagoma kufunguka. Mwenye mashine ya zamani namna hiyo namwambia mapema kwamba Mint itamfaa kwa ofisi na filamu, gemu kubwa asizitegemee. Kwa gemu ndogo hakosi: SuperTuxKart ni ya bure na huria, na wanangu waliichezea kwenye mashine ambayo nilikuwa nimeshaiweka kando.

Mpwa wangu alikuwa na Dell OptiPlex, aliyoiongezea kadi ya GTX 1050 Ti. Ni kadi inayopendwa kwenye mashine za ofisi kwa sababu inakula wati 75 tu na inaupata umeme wake wote kwenye tundu la ubao mama, bila waya wa ziada. Kwenye Mint tulifungua Kidhibiti cha Draiva, tukachagua draiva ya Nvidia iliyopendekezwa, tukaiwasha upya mashine. Hapa nikupe sababu nyingine ya kuipenda Mint kwa vifaa vya mtumba. Nvidia wametangaza kwamba tawi la 580 la draiva zao ndilo la mwisho kuzihudumia kadi za familia za GTX 900 na GTX 1000. Mifumo inayokimbilia kila kitu kipya inalipita tawi hilo mapema, na mwenye kadi ya zamani anajikuta akihangaika. Mfumo unaokwenda polepole unambakiza mahali ambapo kadi yake bado inatambulika. Kadi za AMD hazina zoezi hilo, draiva zake zimo ndani ya kerneli na maktaba ya michoro ya Mesa.

Euro Truck Simulator 2, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa sababu ya mabasi na malori yanayobuniwa na mashabiki, ina toleo lake la Linux kabisa, haihitaji hata Proton. Football Manager ilikubali kupitia Proton. GTA V ya hadithi ilikubali. Alipojaribu kuicheza kutoka kwenye diski yake ya zamani iliyokuwa na mpangilio wa NTFS wa Windows, ikawa inajifunga. Proton huhifadhi ndani ya folda zake majina yenye nukta mbili, kama c:, na Windows hairuhusu alama hiyo kwenye majina ya faili, kwa hiyo diski ya NTFS ni chanzo cha vurugu. Tulihamishia gemu kwenye sehemu ya diski yenye mpangilio wa ext4 wa Linux, ikatulia. Jambo jingine tulilolizima ni upakuaji wa awali wa sheda (programu ndogo za michoro) ndani ya Steam, kwa sababu ulikuwa ukishusha mafaili kila mara na bando lilikuwa la simu. Gemu ikawa inakwama kidogo dakika za mwanzo, kisha inakwenda.

Halafu tukafika kwenye FC. Hapa sikumpamba. EA Sports FC inatumia mfumo wa EA wa kuzuia udanganyifu, nao haukubali Linux. Fortnite na Valorant ni vivyo hivyo. League of Legends ilifunga mlango mwaka 2024 ilipoingiza kizuizi kiitwacho Vanguard, GTA Online ikafuata Septemba mwaka huo ilipoingiza BattlEye, na Apex Legends Oktoba. Kinachouma ni kwamba BattlEye na Easy Anti-Cheat zote zinaweza kufanya kazi na Proton. Mwenye gemu ndiye anayeamua kuruhusu au kutoruhusu. Hakuna Linux ya kuanzia wala ya wataalamu itakayolibadili hilo, hata iitwe ya gemu. Anayeishi kwa ajili ya gemu mojawapo kati ya hizo abaki Windows, au aigawe diski aweke mifumo yote miwili. Asiyejua gemu yake iko upande gani aangalie kwenye ProtonDB, wanakoandika wachezaji wenyewe. Na ikiwa ni ya mtandaoni, asome maoni ya karibuni kabisa, kwa sababu gemu iliyokubali mwaka juzi inaweza kuwa imeshafungwa.

Mpwa wangu alichagua. FC anaicheza jioni kwenye banda la gemu la mtaani kwao, kwenye PlayStation, ambako wenzake wote wapo na ambako hata zamani ndiko alikokuwa akiifurahia. Nyumbani amebaki na Mint peke yake.

Kitu cha mwisho ninachomfanyia kila ninayemwekea Mint, kabla hajafunga mashine, ni kuwasha Timeshift. Inapiga picha ya mfumo mzima na kuihifadhi, kila siku au kila wiki, unavyotaka. Thamani yake niliiona siku umeme ulipokatika dukani wakati mashine isiyo na UPS ilikuwa katikati ya masasisho. Uliporudi, iliwaka hadi skrini nyeusi ikaishia hapo. Niliiwasha kwa flashi ileile ya kusakinishia, nikafungua Timeshift, nikachagua picha ya jana yake, nikanywa chai. Iliwaka kama ilivyokuwa jana, na mteja aliyekuwa akisubiri barua yake aliipata asubuhi hiyo. Ieleweke tu kwamba Timeshift kwa kawaida inahifadhi mfumo, haihifadhi nyaraka zako, picha wala muziki. Hivyo vinahitaji diski nyingine ya nje.

Ndiyo maana mtu akija sasa na kompyuta yenye ujumbe wa Windows 11, siipigi Mint siku hiyo. Nampa flashi yenye Mint, naandika kwenye karatasi kitufe cha kubonyeza kwenye mashine yake, na namwomba aende nayo nyumbani. Afungue barua zake, ajaribu printa ya ofisini kwake, awashe waifai chumbani anakolala, acheze video, na aniandikie orodha ya gemu za watoto wake. Akirudi na nakala ya nyaraka zake kwenye diski ya nje, tunaanza kazi. Akirudi bila nakala, namkopesha diski, tunanakili kwanza.